Mwanakheir na Jicho la Mrija

Siku Mwanakheir binti Kificho alipoanza kazi katika maabara ya kupimia damu, mwaka wa hamsini na tatu, fundi Msabah hakumjibu salamu yake. Alimtazama kuanzia utosini hadi kwenye ndara, akamgeukia Bi Mwamvua, muuguzi aliyemleta, akasema, "Mie nliomba mtu wa kunikoshea vyombo. Hamkunambia mtanletea mwanamke wa shamba."

"Anajua kukosha," alisema Bi Mwamvua.

"Masufuria," Msabah akajibu, akarudi kwenye hadubini yake.

Mwanakheir alikuwa na miaka thelathini na minane, mjane, na binti zake wawili walikwisha kuolewa. Kwao ni Jongowe, kisiwani Tumbatu, lakini marehemu mumewe, Ame, alikuwa mwashi, na ndiye aliyemhamishia Kiembe Samaki, alikokuwa akichoma chokaa ya kujengea. Ame alipokufa, Mwanakheir alikataa kurejea Jongowe kwenda kukaa kwa kaka yake na kuhesabiwa kila tonge. Bi Mwamvua, jirani yake, akamtafutia kazi mjini. Kila asubuhi alitoka kwa miguu, buibui amelikunja kwapani, akalivaa anapokaribia Mnazi Mmoja, akapenya vichochoro mpaka kwenye nyumba kongwe ya mawe, na kupanda ngazi mpaka ghorofa ya pili. Maabara ilikuwa humo.

Msabah alikuwa mdogo kwake kwa miaka saba au minane. Mtu wa mjini, shati jeupe limenyooka kwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Alisomea kazi yake Bara miaka miwili, na hakumwacha mtu yeyote asahau jambo hilo. Watu wazima wote wa jengo lile aliwaamkia shikamoo, hata mzee wa getini. Lakini hakumwamkia Mwanakheir hata siku moja. Alimwita "mkosha chupa", mbele ya watu na nyuma yao.

Kazi yenyewe haikuwa ya masufuria. Damu siku hizo ilihesabiwa kwa mkono. Fundi huivuta damu kwa mrija mwembamba wa kioo, wenye kitumbo katikati na ushanga mwekundu ndani yake, akaichanganya na dawa, akaitia kwenye kioo chenye mistari, akazihesabu chembe moja moja kwa hadubini. Tundu la mrija ule ni jembamba mno. Damu ikikaukia humo, mrija umekufa. Na ukiziba nusu tu, ndiyo hatari zaidi, kwa sababu unaendelea kuvuta, lakini unavuta pungufu, na mtu mwenye damu ya kutosha huambiwa hana.

Mwanakheir aliyajua hayo katika mwezi wa kwanza, kwa kutazama na kwa kusikiliza. Akajua pia kwa nini mirija inaziba. Msabah akimaliza kuhesabu, aliitupa mirija kwenye sinia kavu, akashuka kunywa kahawa barazani. Akirudi baada ya saa nzima, damu imeshakuwa jiwe.

"Bwana Msabah," alimwambia siku moja, "nakuomba uitie kwenye maji pale pale ukishamaliza. Beseni nimeliweka karibu yako."

"Weye umeletwa kukosha au kunifundisha?"

"Kukosha. Lakini damu ikishakauka..."

"Basi kosha!"

Alikosha. Alivuta maji, akavuta spiriti, akavuta tena, na ule ulioziba kabisa aliupenyeza singa ya mkia wa punda, ngumu na nyembamba kuliko uzi wowote wa dukani. Singa hizo alizipata kwa mwenye gari la punda aliyekuwa akileta chokaa kwa mumewe. Msabah alipoziona zimefungwa kwa uzi juu ya karo ya kukoshea vyombo, aliwaita mafundi wa chumba cha pili waje watazame. "Njooni muone uganga wa Tumbatu," alisema, "damu ya watu inatibiwa kwa mkia wa punda." Wakacheka. Mwanakheir aliendelea na kazi, uso kwenye karo. Ila moyoni aliweka kitu siku ile, na hakukitoa tena.

Akutukanaye hakuchagulii tusi, wasema watu. Miaka sita ilikwenda hivyo. Mrija ukivunjika, mkosha chupa. Hesabu isipolingana, mkosha chupa. Alipofiwa na kaka yake na kuomba ruhusa ya siku tatu kwenda Jongowe, Msabah alimpa moja, na aliporudi siku ya pili alikuta mirija yote ya jana imeachwa kavu kwenye sinia, makusudi, imepangwa safu kama samaki wa kuuza.

*

Mwaka wa hamsini na tisa, mwezi wa Machi, mashine ikaja.

Aliyeileta ni daktari mkuu wa maabara, Mwingereza mrefu asiyependa maneno mengi, aliyekuwa na kazi ya kuchunguza safura, upungufu wa damu unaoletwa na minyoo, kwa watoto wa skuli za shamba, kuanzia Kiwengwa mpaka Makunduchi. Chupa za damu zingekuja kwa mamia, na kwa mkono zisingemalizika. Mashine ile ilikuwa sanduku la chuma lenye kioo kinachowaka mstari wa kijani, na pembeni yake stendi ya mrija. Mrija wenyewe ulikuwa mnene kama kidole, umezibwa chini, na ubavuni una tundu moja dogo, unene wa unywele. Tundu hilo wakaliita jicho.

Daktari aliwakusanya wote akawaeleza, na Mwanakheir alisimama mlangoni na beseni lake, naye akasikia. Mrija unatumbukizwa kwenye bilauri yenye maji ya chumvi yaliyotiwa damu kidogo. Maji yanavutwa ndani kupitia jichoni, na umeme nao unapita humo humo. Kila chembe ya damu ikipenya, umeme unashtuka, na mashine inahesabu moja. Dakika moja tu, na chembe maelfu zimeshahesabiwa.

"Lakini mashine haina akili," daktari alisema. "Kila kinachopita jichoni, kwake ni chembe. Kwa hiyo, Msabah, kila asubuhi utahesabu kwanza maji matupu, bila damu. Utaandika namba yake kwenye kitabu. Ikiwa kubwa, maji ni machafu, usiendelee."

"Naam, dokta," alisema Msabah.

Funguo za kasha la mrija akapewa yeye. Kasha lilikuwa zuri, la mti, limetandikwa mahameli ya kijani ndani. Jioni Msabah aliupangusa mrija, akaulaza humo, akafunga, akatia ufunguo mfukoni. "Mkono wa karo usiguse kitu hiki," alimwambia Mwanakheir. "Nkikukuta nacho, ntakutoa kazini siku ile ile."

Mambo yalikwenda vizuri siku nne. Siku ya tano jicho likaziba. Mstari wa kijani ukalala kimya, maji hayavutiki. Msabah akachukua brashi ndogo ya manyoya laini, akalisugua, likazibuka. Baada ya chupa tano, likaziba tena. Wiki ya pili likawa linaziba mara kumi kwa siku, na chupa za watoto zinajipanga mezani, na kila gari likirudi kutoka shamba linaleta nyingine. Sauti ya Msabah ikawa inasikika mpaka chini uani.

"Vyombo vichafu! Bilauri zimekoshwa kwa matope! Dokta, huyu mwanamke ndiye anayeniziba!"

Daktari alikuja karoni, akainua bilauri moja kwenye mwanga, akaitazama, akairejesha. Hakusema kitu. Kwa Mwanakheir ule ukimya ulikuwa mbaya kuliko tusi, maana tusi unaweza kulijibu.

Sasa, brashi ile ya kuzibulia Msabah hakuikosha mwenyewe. Kila akishaitumia aliitupa karoni kutoka pale alipo, kupitia mlango ulio wazi, nayo ilitua ndani ya maji au kwenye mkono wa Mwanakheir, ilivyojaalia. Siku moja, kabla ya kuiosha, aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Nchani palikuwa na kitu. Alikipangusia kwenye kipande cha kioo, akakifunika kwa kingine, akavifunga pamoja. Mchana, fundi wa chumba cha pili alipokwenda kusali, alikitia chini ya hadubini yake. Miaka sita ya kutazama wengine wakifanya ilikuwa inamtosha. Kilikuwa uzi. Uzi mfupi, wa kijani.

Vitambaa vyake vya kufutia vyote vilikuwa vyeupe.

Tangu siku hiyo, kila siku alitoa kioo kimoja au viwili kwenye brashi zilizotupwa karoni. Aliandika juu ya kila kimoja, kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa chuo cha Kurani huko Jongowe, siku na saa na chupa ya ngapi, akaviweka kwenye mkebe wa biskuti. Baada ya wiki tatu alikuwa na vioo thelathini na kimoja, na uchafu wake ulikuwa wa namna tatu. Nyuzi za kijani, nyingi zaidi asubuhi, mrija unapotoka kasha. Mabonge madogo meusi mekundu, ambayo ni damu iliyoganda, kwa sababu Msabah alipopokea chupa hakuzigeuza taratibu ili damu ichanganyike na dawa ya kuizuia isigande, bali alizisimamisha tu kama zilivyo. Na chembe nyeupe.

Zile nyeupe zilimsumbua. Zilikuwa nyingi siku za upepo. Alizitazama mpaka siku moja akainua kichwa, akaona kule juu ya mashine: boriti za zamani, dari la mawe na chokaa linalomumunyuka, na pangaboi linalozunguka kutwa nzima. Na chini ya pangaboi, wazi, bila kifuniko, dumu kubwa la kioo lenye maji ya chumvi ya Msabah. Alichukua kioo kimoja, akakifunua, akakamulia tone la ndimu. Chembe nyeupe zikatoa vipovu.

Mke wa mwashi hahitaji kufundishwa chokaa.

Alimwendea. Alijilazimisha kumwendea, maana alijua atakachokipata.

"Bwana Msabah, dumu lako linaingia chokaa kutoka darini. Lifunike. Na maji yapite kwenye karatasi ya kuchujia kabla ya..."

"Nani kakuuliza?"

"Na lile kasha, mahameli yake yanapukutika. Nyuzi zinaingia jichoni."

Msabah aliweka kalamu chini. "Skiliza, mkosha chupa. Mashine hii imetoka Ulaya na kasha lake. Waliolitengeneza kasha ni wajinga, ila weye wa Jongowe ndiye mwenye akili? Toka. Na kuanzia leo usivuke mlango huu. Vyombo vitaletwa huko huko kwenye karo yako."

"Na maji matupu asubuhi unayahesabu?"

Hilo lilimchoma. Mwanakheir aliliona, lilipita usoni mwake kama kivuli. Kwa siku nyingi alikuwa hayahesabu. Alikuwa akiandika tu namba kitabuni, arubaini, arubaini, arubaini, na kuendelea na chupa.

"Toka!" Msabah alipiga kelele.

Akatoka. Lakini kabla ya kukatazwa mlango alikuwa amekwisha kuchota chupa mbili za maji ya dumu lile. Aliziziba, akaziacha zitulie siku mbili bila kuzigusa. Kisha, kwa mpira mwembamba, aliyavuta yale ya juu tu, akayachuja kwenye karatasi mara mbili, kikombe cha kwanza akakimwaga, na yaliyobaki akayaweka kwenye chupa aliyoisuuza kwa maji yale yale. Akaifunga mdomo, akaitia kwenye kabati lake. Hakujua ataitumiaje, ila alijua kwamba siku itakuja.

*

Siku ilikuja kwa njia ya mtoto wa watu.

Mwisho wa Aprili daktari alikuwa Pemba. Katika chumba cha jirani mafundi walikuwa wakibandua lipu iliyooza, na vumbi jeupe lilijaa ghorofa nzima. Msabah hakusimamisha kazi. Siku ile watoto watatu wa Kiwengwa walitoka na chembe nyeupe za damu nyingi za kutisha, na aliyezidi wote ni msichana wa miaka tisa, jina lake Time, chembe elfu arubaini na moja pale ambapo mtoto mzima huwa na elfu saba au nane. Msabah aliandika namba, akaipigia mstari mwekundu, akaipeleka wodini. Huko wakaona ni maradhi ya damu yasiyo na dawa. Gari likatumwa Kiwengwa kuwaleta watoto. Wazee wa wale wawili waliwaficha. Time alikuja na mama yake, Biasha. Wakamlaza chumba cha peke yake, na mama akaambiwa akae nje mpaka daktari mkuu arejee.

Biasha alikaa chini ya ngazi ya maabara siku nne. Siku ya tano alimshika Mwanakheir ukingo wa buibui.

"Weye watoka huko juu. Hebu nambie, mwanangu ana nini? Anakula, anacheka, anataka kurudi kwao. Mbona wananitazama kama nshafiwa?"

"Damu yake ilipimwa lini?"

Biasha akamtajia. Ilikuwa siku ya vumbi.

Mwanakheir alipanda ngazi, akauvuka mlango aliokatazwa. "Rudia ile chupa ya Kiwengwa," alimwambia Msabah. "Ya yule mtoto. Kwa mkono, kwa hadubini. Nusu saa tu. Mama yake yuko chini anakufa mzima mzima."

"Nirejee kazi yangu kwa amri yako?"

"Kwa amri ya Mungu, kama yangu huitaki."

"Weye," Msabah alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini sasa, yenye sumu, "ndiye unayetia nyuzi jichoni. Nilikuwa nashuku, sasa nina yakini. Hasidi mkubwa. Dokta akirudi ntamwambia, na utarudi kwenu kuchokoa pweza."

Mwanakheir alimwendea Bi Mwamvua. Bi Mwamvua alimsikiliza, akatazama pembeni. "Mwanakheir, mie nlikutia kazini. Ukianguka, unanivuta. Nyamaza, dokta atakuja."

"Na mtoto?"

"Nyamaza, nakwambia."

Mwanakheir akatoka. Kuanzia siku hiyo hawakurudi pamoja Kiembe Samaki kama walivyozoea.

Daktari alirejea baada ya siku sita nyingine. Mwanakheir alikuwa mlangoni kwake kabla hajavua kofia, mkebe wa biskuti mkononi na chupa ya maji kwapani. Lakini Msabah naye alikuwa amewahi, kasimama ndani.

"Dokta, kabla hujasikiliza chochote," alisema Msabah, "mwanamke huyu anaiharibu mashine kwa makusudi. Anatia nyuzi jichoni. Namtaka atoke leo."

Daktari alimgeukia. "Kweli?"

"Nyuzi zipo," Mwanakheir alisema. "Ninazo zote hapa. Zitazame rangi yake, kisha fungua kasha lake."

Alivipanga vioo mezani, akamsomea kimoja kimoja yale aliyoandika: Jumatatu, asubuhi, chupa ya kwanza, uzi wa kijani. Jumatatu, saa tano, chupa ya kumi na mbili, bonge la damu. Daktari aliinamia hadubini muda mrefu. Msabah alijaribu kusema, daktari akainua kidole tu, bila kuinua kichwa. Alipomaliza alinyoosha mkono apewe ufunguo. Alipitisha kidole ndani ya kasha, na kidole kikatoka kijani.

"Na hizi nyeupe?"

Mwanakheir akatoa ndimu kwenye pindo la kanga, akakamua tone. Vipovu vikatoka. Akaonesha dari.

"Anafanya mazingaombwe!" alisema Msabah. "Dokta, ndimu?"

"Basi tusibishane kwa ndimu," Mwanakheir akajibu, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita alimtazama machoni. "Hesabu maji matupu. Uliambiwa kila asubuhi. Hesabu sasa, dokta aone. Yako kwanza, halafu yangu."

Mafundi wa chumba cha pili walikuwa wamesimama mlangoni, wale wale waliocheka singa za punda. Msabah alimimina maji ya dumu lake kwenye bilauri, bila tone la damu. Mengine yalimwagikia mezani, na Mwanakheir aliyatazama, wala hakumwonea huruma. Mstari wa kijani ukaanza kurukaruka. Namba zikapanda, zikapanda, zikasimama: elfu tatu mia sita na kumi. Ndani ya maji yasiyo na damu.

Mwanakheir akafungua chupa yake. Bilauri ikasuuzwa, mrija ukasuuzwa. Mstari ukatulia kama uzi uliovutwa, ukiruka mara moja moja tu. Namba ikasimama: hamsini na nane.

Daktari alifungua kitabu. Arubaini. Arubaini. Arubaini. Alikigeuza karatasi moja baada ya nyingine, kisha akakifunga.

"Iko wapi chupa ya mtoto wa Kiwengwa?" aliuliza.

Ilikwisha kumwagwa. Time akatolewa damu upya, akahesabiwa kwa mkono, na daktari mwenyewe. Chembe nyeupe elfu saba mia mbili. Safura kidogo tu, ya kunywa dawa.

Mwanakheir ndiye aliyeshuka kumwambia mama. Alidhani labda atakumbatiwa. Biasha alimsikiliza mpaka mwisho, akasimama, akajifunga kanga vizuri.

"Siku kumi na moja," alisema. "Siku kumi na moja mmenifungia mwanangu. Nmeshamlilia, nmeshawatumia watu habari wamtayarishie pa kumzika. Kwa vumbi?"

"Kwa vumbi," Mwanakheir alisema.

"Na weye ulijua?"

"Nilijua."

"Mungu atawalipa nyote." Akamshika mwanawe mkono, akaondoka, na hakutazama nyuma.

*

Utaratibu ulibadilika. Mahameli yalibanduliwa, na mrija ukawa unalala ndani ya maji safi, umefunikwa, kila jioni. Dumu lilipata kifuniko, na maji yalitulizwa na kuchujwa na Mwanakheir, si mtu mwingine. Chupa za damu ziligeuzwa taratibu mara nane zinapofika, na pangaboi la chumba kile lilizimwa, joto liwe litakavyokuwa. Jicho likawa linaziba mara moja kwa wiki, pengine hata hiyo hakuna. Kila asubuhi Msabah alilazimika kuhesabu maji matupu mbele ya mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ni yeye Mwanakheir.

Hawakusemezana. "Maji," alisema Msabah. Mwanakheir alimimina. "Hamsini na tatu," alisema Msabah. Mwanakheir aliandika. Basi. Mtaani habari ikaenezwa kwamba mke wa marehemu Ame amemroga fundi, mikono inamtetemeka hawezi kushika kalamu, na kuna nyumba mbili Kiembe Samaki ambazo ziliacha kumwalika kwenye shughuli. Zilikuwa siku ambazo watu walikuwa wakisusiana maduka na hata maziko kwa sababu ya siasa, na kumsusia mwanamke mmoja hakukuwa kazi kubwa. Alisikia yote. Kwa upande wake naye hakumwachia Msabah hata kosa la unywele. Alipochelewa dakika tano, aliandika. Alipogeuza chupa mara saba, alimwambia mbele ya wote, "Ya nane bado."

Mwezi wa Agosti ripoti ya uchunguzi ikatoka. Bi Mwamvua, aliyeanza kumrudia rudia kwa haya, alimsomea pale karoni. Ilieleza habari ya chokaa, ya mahameli, ya mabonge, na kwamba njia ya kuzuia jicho lisizibe iligunduliwa na "mafundi wa maabara".

"Soma tena," Mwanakheir alisema.

Bi Mwamvua akasoma tena.

Akaenda kwa daktari. "Mie si fundi," alimwambia. "Nimeandikwa mkosha vyombo kwenye kitabu chako cha kazi. Sasa hao mafundi ni nani?"

Daktari alionekana kutaabika. Alisema ripoti imeshakwenda Ulaya, haiwezi kurudishwa. Alisema yeye mwenyewe anajua.

"Kujua kwako kuna faida gani kwangu?" aliuliza Mwanakheir, akatoka bila kuaga.

Mchana ule alichukua kaa la mkaa akaandika ukutani, juu ya karo, kwa herufi za Kiarabu, namna ya kutunza jicho tangu mwanzo mpaka mwisho, na chini yake: "Haya ni ya Mwanakheir binti Kificho wa Jongowe." Asubuhi ya pili alimkuta Msabah na kisu, anakwangua ukuta. Chokaa ilikuwa inamwagika kama unga. Hakumzuia. Alivuta kiti, akakaa, akamtazama mpaka alipomaliza. Siku ile jicho liliziba mara nne, na daktari alipouliza sababu, Mwanakheir alimwonesha ukuta kwa kidole. Kesho yake akaandika upya, kwa rangi ya mafuta, juu ya ubao wa msaji aliotoka nao kwake, akaupigilia misumari yeye mwenyewe.

Mwezi wa Disemba Msabah alihamishiwa Pemba. Wengine walisema aliomba mwenyewe, wengine walisema aliombewa. Siku ya kuondoka alivaa koti, akapita chumba kwa chumba akipeana mikono na watu, akaombana radhi na mzee wa getini mpaka mzee akalia. Alipofika karoni alisimama. Mwanakheir alikuwa anasuuza bilauri. Alijua kasimama, alikisikia kiatu chake. Kila mmoja alimpa mwenzake nafasi ya kuanza.

Hakuna aliyeanza. Kiatu kikaondoka, kikashuka ngazi. Mwanakheir aliiweka bilauri kifudifudi, akachukua nyingine. Gari la Makunduchi lilikuwa limeshafika, na chupa thelathini zilikuwa mezani zinasubiri kugeuzwa.